Kivinjari kimetekwa, windo imekosa nini?

Wiki hii nimeambiwa mara nne, na leo ni Jumatano tu: "Fundi, mashine imeingia virusi, nipigie windo," yaani nifute kila kitu niweke Windows upya. Mara zote nne tatizo lilikuwa lile lile. Ukifungua Chrome unatua kwenye ukurasa usioujua, ukitafuta kitu kinapitia anwani ya ajabu kisha kinaishia Yahoo, na matangazo yanamwagika mpaka kwenye tovuti ya matokeo ya mitihani. Mara zote nne nikasema sipigi. Wawili wakanuna. Mmoja akabeba mashine yake akaenda kwa jirani, akapigiwa windo kwa elfu kumi na tano. Huyo tutaonana tena, sina wasiwasi.

Wa nne ndiye aliyenikalisha chini kuandika. Ni mwalimu wa sekondari, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameshapigiwa windo mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti. Mara ya kwanza ugonjwa ulirudi usiku ule ule. Mara ya pili ulirudi kabla hajalala. Akaamua, kama ambavyo mtu yeyote angeamua, kwamba virusi vimehamia kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta.

Hapana, mwalimu. Mazabodi yako haina kosa.

Ile mara ya kwanza ni rahisi kuieleza. Mtu akishaingia Chrome kwa Gmail na usawazishaji (sync) ukiwa umewashwa, viendelezi, yaani viprogramu vya kuongezea kivinjari kazi, na mipangilio yake vina nakala kule Google. Fundi alifuta diski nzima, akaweka Windows safi kabisa. Mwalimu akafika nyumbani, akaingia na Gmail yake, na Chrome ikamrudishia vyote kwa uaminifu, pamoja na kiendelezi cha kugeuza PDF kuwa Word alichokiweka mwenyewe siku anatunga mtihani. Kiendelezi kile kweli kinageuza PDF. Kinabadilisha pia injini ya utafutaji, na aliyakubali yote mawili kwa mbofyo mmoja.

Ndugu zake ni wale wanaosema "nimeifuta Chrome nikaiweka upya, bado". Unapoiondoa Chrome kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama na data zako zifutwe. Usipokiweka tiki, wasifu wako wote unabaki kwenye AppData, folda iliyofichwa ya data za programu, ukisubiri Chrome mpya ije iuchukue. Umebadilisha mlango, mwizi yuko sebuleni anakunywa chai.

Ile mara ya pili ndiyo inayonipandisha presha.

Kwenye menyu ya Chrome ya mwalimu, chini kabisa, kulikuwa na mstari unaosema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Nikamuuliza, "Mwalimu, hii laptopu ni ya shule?" Akasema, "Ya kwangu mwenyewe, nimeikopea SACCOS." Basi hilo shirika ni lipi?

Mstari ule hutokea Chrome ikiwa na sera, yaani amri za msimamizi ambazo mtumiaji hawezi kuzibadilisha. Sera hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mabenki na maofisi, ili mtu mmoja wa kompyuta aweze kuamuru mashine elfu moja bila kuzizungukia. Mtekaji anachofanya ni kujiteua kuwa huyo mtu. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani uone. Kwa mwalimu palikuwa na ExtensionInstallForcelist, na mbele yake mfuatano wa herufi 32, zote kati ya a na p. Hicho ndicho kitambulisho cha kiendelezi kilicholazimishwa. Kwenye ukurasa wa viendelezi kilikuwepo, lakini hakiondoleki wala hakizimiki, kwa sababu Chrome inaamini bosi ndiye aliyekiweka. Urudishe mipangilio ya Chrome kwenye hali ya mwanzo mara kumi, sera haiguswi. Watu hufika hapo wakakata tamaa na kuomba windo.

Ila tusikurupuke. Sio kila mstari wa aina hiyo ni utekaji. Kuna programu za kuzuia virusi zinazoandika sera zao humo humo kwa nia njema, na nimewahi kumfutia mteja sera ya halali kwa kiherehere changu mwenyewe. Soma kwanza sera inasema nini, ndipo ufute.

Sera za Chrome zinakaa kwenye rejista, ile ghala ya mipangilio ya Windows, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na nyingine zinajificha chini ya HKEY_CURRENT_USER, njia ile ile. Edge nayo ina folda yake chini ya Policies\Microsoft. Nilifuta, nikawasha mashine upya, zikarudi. Nilitegemea zirudi. Lazima kuna anayeziandika upya, na mara nyingi anaishi Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe. Nilimkuta huko, amejipa jina kama la sasisho la kawaida, kila mtu akiingia anaiamsha PowerShell, programu ya Windows ya kuendesha amri, kimyakimya.

Kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu: kazi ya Task Scheduler kwanza, na faili ambayo kazi hiyo inaiendesha, kisha sera, kisha kiendelezi, mipangilio ya Chrome mwishoni. Karibu kila video ya YouTube inaanzia mwishoni. Nyingine bado zinawatuma watu wakatafute kisafishaji kilichokuwa ndani ya Chrome yenyewe, wakati Google walishakiondoa mwaka 2023.

Sasa angalieni kitu kimoja. Task Scheduler ina safu inayoonyesha kazi iliundwa lini. Nikailinganisha na saa Windows iliposakinishwa kwenye mashine ile. Tofauti ilikuwa dakika 11. Yaani windo ilipigwa, na dakika 11 baadaye mtekaji akawa ameshapanga chumba. Mwalimu hakuwa amegusa hata kibodi.

Dakika 11 ndio muda wa fundi kumaliza kuweka Windows, kuzima Defender, kizuia virusi cha Windows yenyewe, na kuchomeka flashi yenye kraki, programu ya wizi ya kuamsha Windows na Office bila leseni. Kraki inadai Defender izimwe, na fundi anaizima, na mteja anaambiwa "hiyo ni kawaida". Ndani ya mahakama nisingeweza kuapa kwamba kraki ndiyo iliyomleta. Flashi sikuiona, na pengine ilikuwa programu nyingine kati ya zile ishirini anazomwaga "bonasi". Lakini najua flashi hizo. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nayo moja, nyekundu, na sitaki kufikiria iliingia mashine ngapi.

Kinachouma zaidi ni kwamba laptopu ile ilinunuliwa na Windows yake. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wanaouza mashine pamoja na Windows huhifadhi ufunguo wa leseni kwenye firimwea, programu iliyo ndani ya mazabodi ambayo kufuta diski hakuigusi. Ukiweka toleo lile lile, yaani Home juu ya Home, inajiamsha yenyewe ikipata intaneti. Fundi aliweka Pro kwa sababu "Pro ni kubwa", leseni iliyolipiwa ikabaki imelala, akaleta kraki kuziba pengo alilolichimba mwenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Zile arifa za pembeni kulia zinazopiga kelele kwamba una virusi vitano si virusi. Ni tovuti uliyoiruhusu ikutumie arifa, nenda kwenye mipangilio ya arifa uiondoe, dakika mbili. Bofya kulia ikoni ya Chrome, uangalie Properties, isiwe na anwani ya tovuti iliyoning'inia baada ya chrome.exe. Angalia proksi, yaani kama intaneti yako haipitishwi kwenye seva ya mtu mwingine. Fungua dirisha la hali fiche (Incognito), ambako viendelezi kwa kawaida havifanyi kazi: uchafu ukipotea humo, mshuku kiendelezi, ukibaki, chimba chini zaidi. AdwCleaner, kisafishaji cha programu za matangazo, naiendesha mwishoni kuokota makombo, na kuna siku imeniambia mashine ni safi huku mimi naitazama kazi ya mtekaji kwa macho yangu.

Mtaniuliza kwa nini kizuia virusi hakikusema kitu. Mtekaji wa kivinjari hataki kuua mashine yako. Anakula kamisheni ya matangazo kila unapotafuta kitu kupitia kwake, hivyo anataka uishi maisha marefu. Mwaka 2017 Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kwamba mtekaji aitwaye Fireball amefika kwenye kompyuta milioni 250. Microsoft wakajibu kwamba hesabu hiyo imetiwa chumvi. Kampuni iliyotajwa nyuma yake haikuwa kijiwe cha wadukuzi gizani, ilikuwa kampuni ya matangazo ya Beijing.

Je, sipigi windo kamwe? Napiga. Nikikuta Defender imefungwa na sioni imefungiwa wapi, au kuna akaunti ya msimamizi isiyo na mwenyewe, au mtu anafanyia mambo ya benki kwenye mashine iliyoonja kraki, napiga, kwa flashi niliyoitengeneza kutoka Microsoft. Hata hapo, nywila kama zimeshaibwa zimeshaibwa. Zibadilishe kwenye kifaa kingine na utoke kwenye akaunti zako kwenye vifaa vyote. Na kwenye mashine ninazozisafisha kwa mkono, siwezi kukuhakikishia asilimia mia. Naiwasha mara tatu, naiacha usiku kucha, naangalia kama kuna kilichorudi. Kisiporudi, naiita safi. Hicho ndicho kipimo changu chote.

Ya mwalimu haikurudi. Kazi yenyewe ilikula dakika arobaini, kelele zangu zikiwemo. Nikamwambia elfu ishirini. Akahesabu noti polepole, akafunga begi, akasimama mlangoni.

"Sawa fundi, nimekuelewa. Sasa windo nikuletee lini unipigie?"