Mambo ya kupanga mapema kabla mbwa au paka wako hajafa

Uamuzi kuhusu mnyama mahututi huharibika ukifanywa usiku wa manane, yeye anatweta na nyumba nzima inabishana. Ndiyo maana huwashauri wenye wanyama waandike mapema, kwenye karatasi: nani ana kauli ya mwisho, dalili gani zikitokea matibabu yanasimama, daktari gani hupokea simu usiku, na mwili utapelekwa wapi.

Kupima hali yake kuna kipimo cha Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani. Vipengele ni saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 10, 10 ikiwa hali bora kabisa. Jumla ikizidi 35, hali yake bado inavumilika. Mimi siiamini jumla peke yake. Anayepumua kwa shida anahitaji daktari leo, hata akipata 45. Jaza kila wiki, siku ileile, kwa sababu ukijaza siku mbaya tu utaona giza tupu.

Paka ni bingwa wa kuficha maumivu, basi angalia kama ameacha kujilamba au kuruka. Akiwa usingizini, hesabu pumzi: kifua kupanda na kushuka ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, piga simu. Na usithubutu kumpa paracetamol. Kwa paka ni sumu.

Ukichagua sindano ya kumpumzisha milele, omba atangulizwe dawa ya usingizi. Kisha pentobabito, dawa inayosimamisha moyo ikitolewa kwa wingi, huingia kwenye mshipa na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na pengine kifua kitashtuka kama anavuta pumzi ingawa moyo umekwisha kusimama. Asiyeambiwa hudhani amezinduka.

Kunja miguu yake mara moja, kwani mwili hukakamaa baada ya saa chache na hautaingia kwenye sanduku. Tandika plastiki chini.

Pentobabito haiishi nguvu mwilini: mbwa au tai akiufukua mzoga na kuula, anaweza kufa. Kama hauchomwi, na sheria inaruhusu kuzika, shimo liwe refu kiasi cha kuacha udongo wa mita 1 juu yake, mbali na kisima.