Kuunda kompyuta mwenyewe si lazima kuwe nafuu

Hapa Kisumu vijana wengi huamini kwamba kompyuta ya michezo ukiiunda mwenyewe lazima utaokoa pesa. Si kweli kila mara. Vipuri vikiagizwa nje kimoja kimoja, kila kimoja huja na nauli yake, na VAT ni asilimia 16. Piga hesabu yote ndipo ulinganishe.

Faida kubwa ya kuunda ni kuchagua, hasa pawasaplai, yaani kifaa kinacholisha kompyuta umeme. Nimefungua mashine za ofisi zilizouzwa kama za michezo, nikakuta pawasaplai ya wati 240 isiyo na waya wa kupeleka umeme kwenye kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za mchezo. Sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi, hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa inayohitaji zaidi ya hapo haitafanya kazi. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji afungue kifuniko, usome lebo ya pawasaplai mwenyewe.