Mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi

"Si kizazi kimeshatolewa, mionzi ya nini tena?" Hilo ndilo swali la ndugu wengi mgonjwa anapoambiwa arudi hospitali, tena kidonda cha upasuaji kikiwa kimeshapona vizuri.

Mionzi hiyo huelekezwa kwenye nyonga ili kuua chembe za saratani ambazo huenda zimebaki na ambazo daktari wa upasuaji hawezi kuziona kwa macho. Si kila aliyepasuliwa anaihitaji. Uamuzi hutokana zaidi na ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kizazi na tezi za limfu (vinundu vidogo vya kinga ya mwili) zilizotolewa, baada ya kukatwa vipande na kuchunguzwa kwa hadubini.

Kwenye ripoti hiyo madaktari hutafuta kwanza mambo matatu: saratani kufika kwenye tezi za limfu za nyonga, kuonekana kwenye kingo za nyama iliyokatwa, au kupenya tishu zilizo pembeni mwa mlango wa kizazi. Likionekana hata moja, mionzi huambatana na kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwa kawaida dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa baada ya miaka minne, takriban asilimia 81 ya waliopewa vyote viwili walikuwa hai, dhidi ya 71 ya waliopewa mionzi pekee.

Lipo kundi la katikati: tezi ni safi, lakini uvimbe ulikuwa mkubwa, ulichimba sana ndani ya ukuta, au uliingia kwenye vijishipa vya damu na limfu. Dalili kama hizo zikikutana, mionzi hushauriwa. Utafiti wa mwaka 1999 uliohusu wanawake 277 wa kundi hili ulionyesha ugonjwa ukirudi kwa asilimia 15 ya waliopata mionzi na 28 ya wasiopata.

Tiba yenyewe haiumi. Ni vipindi 25 hadi 28, Jumatatu hadi Ijumaa. Mgonjwa huchorwa alama za wino kiunoni na kuambiwa asizisugue anapooga, maana ndizo zinazomrudisha katika mkao uleule kila siku. Mara nyingi hunywa maji kwanza, kibofu kijae na kuyasukuma matumbo juu, yasipigwe na mionzi. Wengine humalizia na mionzi ya ndani, inayopitishwa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni. Kuharisha, uchovu na mkojo kuchoma ni kawaida wiki hizo. Baadaye uke unaweza kusinyaa na miguu kuvimba. Haya ya baadaye wagonjwa wengi huona aibu kuyauliza, na ndiyo yanayofaa kuulizwa mapema.

Nani huishi muda mrefu zaidi? Tezi ndizo zenye uzito mkubwa: zikiwa na saratani, hasa nyingi, hatari hupanda. Aina ya saratani nayo ina nafasi yake, kadhalika upungufu wa damu na VVU isiyodhibitiwa kwa dawa. Lakini kwetu kuna jambo ambalo hadubini haioni, nalo ni kumaliza dozi kwa wakati. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika na wagonjwa wakakwama. Hata mashine ikiwa nzima, anayetoka mbali kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, anahitaji nauli na mahali pa kulala kwa wiki tano au zaidi. Ni tiba pia hiyo, ingawa haiandikwi kwenye cheti.

Upasuaji na mionzi vikirundikana, madhara huongezeka. Kwa hiyo vipimo vya mwanzo vikionyesha kwamba mionzi haitaepukika, madaktari wengi huacha kisu na kuanza moja kwa moja na mionzi pamoja na kemo. Na aliyekwisha kupasuliwa aombe nakala ya ripoti: idadi ya tezi zilizochunguzwa, zilizokutwa na saratani, na hali ya kingo. Yasipoandikwa hayo, daktari wa mionzi ana haki ya kuirudisha maabara.