Ramani ya makazi ya wanyamapori husomwaje? Mfano wa nyumbu wa Tarangire

Ramani ya kawaida ya hifadhi huonyesha mpaka: huku hifadhi, kule vijiji. Ramani ya makazi yanayofaa wanyamapori huanza na swali tofauti. Mnyama huyu anahitaji nini ili aishi na kuzaa, na mahitaji hayo yanakutana wapi? Ardhi yote hugawanywa katika vipande vidogo vya mraba, mara nyingi vya mita 30 kwa 30 kwa sababu hicho ndicho kipimo cha picha za setilaiti za Landsat, kisha kila kipande hupewa alama kuanzia 0, yaani hapafai kabisa, hadi 1. Mipaka ya hifadhi na ya vijiji hupachikwa baadaye, ili ionekane mahali panapofaa pako mikononi mwa nani.

Alama hizo hupatikana kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuwauliza wanaomjua mnyama. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani iliitumia sana kuanzia miaka ya 1980: wataalamu wanakubaliana mambo gani ni ya lazima kwa mnyama, kila jambo linapewa alama yake, halafu alama zinaunganishwa. Kuunganisha huko ndiko penye utata. Chukua kipande kimoja chenye malisho 0.9, maji 0.8 na utulivu 0.1, kwa kuwa kiko kando ya barabara kuu. Ukijumlisha na kugawa kwa tatu unapata 0.6, mahali pazuri tu. Ukizidisha alama zote na kutafuta kipeuo cha tatu unapata karibu 0.42. Ukisema kwamba hitaji lililopungua kuliko yote ndilo linaloamua, unabaki na 0.1. Ni ardhi ileile na vipimo vilevile, lakini majibu ni matatu. Kwa hiyo anayeletewa ramani mezani aanze kwa kuuliza alama ziliunganishwaje, kabla hajavutiwa na rangi.

Njia ya pili huwaachia wanyama wenyewe waseme. Zinakusanywa nukta za mahali walipoonekana: kwenye sensa ya wanyama inayofanywa kutoka angani, kamera za kutegwa, vinyesi, au kola zenye GPS. Programu ya kompyuta, Maxent ikiwa mojawapo ya zinazotumika sana, inalinganisha mazingira ya nukta hizo na ya eneo zima: mvua, mwinuko, uoto, umbali hadi kwenye maji, umbali hadi kwenye makazi ya watu. Kisha inatafuta kwingine kunakofanana na huko. Udhaifu wake unajulikana. Watu huwaona wanyama pale watu wanapopita, na nukta zikikusanywa kutoka kwenye magari ya watalii, programu itajifunza kwamba tembo anapenda kukaa karibu na barabara. Mtafiti makini hurekebisha hilo kwa kuchukua nukta za ulinganisho kutoka maeneo yaleyale yaliyotembelewa.

Tatizo la majira ni gumu zaidi, na Tarangire inalionyesha vizuri. Hifadhi hiyo ya kaskazini mwa Tanzania ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 hivi na inategemea mto wake. Kiangazi, nyumbu na pundamilia hujazana mtoni. Mvua zikianza, hutawanyika nje ya mpaka: wapo wanaokwenda kaskazini, na wapo wengi wanaokwenda mashariki, kwenye nyanda za Simanjiro, ambazo ni ardhi ya vijiji. Majani mafupi ya huko yana fosforasi nyingi, madini ambayo nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji kuliko wakati mwingine wowote. Huko ndiko wanakozalia.

Sasa tengeneza ramani kwa kutumia nukta za Agosti peke yake. Kingo za mto zitaiva rangi, na Simanjiro itabaki nyeupe, kwa kuwa mwezi huo hakuna maji wala nyumbu. Mpangaji atahitimisha kwamba hifadhi inatosha na nyanda zile zilimwe. Kila nukta kwenye ramani yake itakuwa ya kweli, na uamuzi utakuwa umewanyima nyumbu mahali pa kuzalia. Ndiyo maana ramani moja kwa mwaka mzima, kwa mnyama anayehama, ni ya kutiliwa shaka. Zinatakiwa walau mbili, ya kiangazi na ya masika.

Kuna watu wanaoijua ramani ya masika bila setilaiti. Ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa ambao kwa kawaida humuua ng'ombe akishaupata, hivyo wafugaji wa Kimasai huwa macho kujua nyumbu wamezalia wapi na lini, wapeleke mifugo mbali. Taarifa hizo zina thamani kuliko tabaka kadhaa za data za hali ya hewa zinazowekwa kwenye ramani, na bado miradi mingi huwakumbuka wafugaji wakati wa kuwasilisha matokeo, ramani ikiwa imeshachapwa.

Makazi mawili mazuri yasiyo na njia kati yake hayamsaidii mnyama anayehama. Kwa hiyo ramani ya makazi huzaa nyingine, ya ugumu wa kupita: shamba lililozungushiwa uzio lina gharama kubwa, mbuga wazi ina gharama ndogo, na kompyuta inatafuta njia nafuu. Kati ya Tarangire na Ziwa Manyara njia hiyo ni ushoroba wa Kwakuchinja, ambao umebanwa na mashamba, nyumba na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati. Tanzania ina Kanuni za Shoroba za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, ila mchoro wa kompyuta peke yake hauna nguvu ya kisheria. Njia mojawapo ya kuupa nguvu ni kuuingiza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na mpango huo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Tahadhari nyingine ni ya tembo. Ukiwavisha kola na kufuata nyayo zao, shamba la mahindi yaliyokomaa linaweza kupata alama ya juu kabisa, maana tembo analipenda kweli. Linamfaa kwa chakula na linamponza kwa usalama, na mwenye shamba halimfai hata kidogo tembo akishaingia. Ramani ya makazi ya tembo isomwe pamoja na ramani ya migogoro, la sivyo itapendekeza kuhifadhi chakula cha mtu.

Simanjiro, kijiji cha Terrat kiliingia mkataba na kampuni za utalii miaka ya 2000: kijiji kilipwe kila mwaka ili sehemu ya nyanda isilimwe, na ufugaji uendelee. Ng'ombe na nyumbu wanahitaji majani yaleyale ila si kwa wiki zilezile, na kwenye ramani ya makazi eneo la malisho ya mifugo lililosimamiwa vizuri hupata alama ya juu kwa nyumbu bila kuhamishwa boma hata moja.