Kamba haimvuti mpanda miamba

Hapa Moshi wengi huamini kwamba anayepanda mwamba kwa kamba huvutwa juu na kamba hiyo. Ukitazama kutoka chini, ni rahisi kuona hivyo. Kwa kawaida, hata hivyo, hupanda kwa vidole na miguu yake. Kamba ipo kumzuia akiteleza. Kilele cha Mawenzi, kwenye Mlima Kilimanjaro, kilifikiwa mara ya kwanza mwaka 1912, enzi za kamba za nyuzi za mimea, zilizoweza kukatika mtu akianguka. Kwa hiyo aliyetangulia kupanda mbele ya wenzake alijitahidi asianguke kabisa, na ujasiri ule nauheshimu mno. Nailoni, iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hunyumbuka na kupunguza mshtuko. Tazama video yoyote ya anayetangulia kupanda: kamba yake inaning'inia chini yake.