Daraja la Wayahudi kwenye mto Carrot

Nikifundisha historia ya uhamiaji, hutandaza kwanza ramani ya viwanja ya Saskatchewan, jimbo la Kanada, kabla sijataja jina la mtu. Ni miraba mitupu. Kila mraba ni ekari 160, na ada ya kuuomba ilikuwa dola 10. Sheria ya ardhi ya Kanada ya 1872 ilimtaka mwombaji akae humo miaka mitatu, ajenge na alime, ndipo apewe hati. Kwa hiyo kila familia ilikaa peke yake, na mara nyingi jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu maili au zaidi.

Sasa mweke Myahudi mshika dini ndani ya mraba huo. Sala ya jamaa inataka wanaume kumi, idadi wanayoiita minyani. Siku ya Sabato haruhusiwi kupanda farasi wala gari la kukokotwa. Ataenda kwa miguu, na Januari huko baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Akikosekana mmoja tu, tisa waliokwisha kufika hawawezi kuisali sala hiyo.

Ndugu wa ukoo wa Vickar waliyakubali maisha hayo kwa hiari. Kwao Lithuania ilikuwa chini ya Dola ya Urusi, na tangu Sheria za Mei za 1882 Wayahudi walizuiwa kununua ardhi vijijini. Wengi walihamia Afrika Kusini, na wao wakawamo. Lakini walichotaka ni shamba lao wenyewe. Mwaka 1906 wakavuka bahari mara ya pili, pamoja na wenzao, hadi kingo za mto Carrot, karibu na mji wa Melfort. Tukisikia habari za nyika za Kanada tunafikiria nyasi tupu. Pale palikuwa na msitu, na kabla ya mbegu ya kwanza ilibidi kukata miti na kung'oa visiki. Hawakuwa wakulima, kazi walijifunzia shambani.

Walipohitaji jina la posta, walichukua "yidn", yaani Wayahudi kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wakaliunga na neno la Kiingereza la daraja. Kwenye hati za serikali likawa Edenbridge, Daraja la Edeni. Napenda jina hili kuliko yote niliyokutana nayo kazini: limeandikwa waziwazi, na bado wenyewe walisikia lao ndani yake.

Sinagogi yao, Beth Israel, ni jengo dogo la mbao. Watoto waliosoma walihamia mijini, mashamba yakauzwa, na kufikia miaka ya 1960 ibada zilikoma. Norman Vickar, aliyezaliwa hapo 1917, aliuza magari Melfort, akachaguliwa mbunge katika bunge la jimbo la Saskatchewan miaka ya 1970 na kuwa waziri. Sinagogi bado imesimama, pamoja na makaburi ya waliofyeka msitu ule.