Mafuta ya nazi ya ngozi na nywele: tunayoyaamini kuhusu kuyatunza, na ukweli wake

Natengeneza mafuta ya mwili na ya nywele hapa Tanga, na msingi wa karibu kila chupa ninayouza ni nazi. Swali ninaloulizwa kuliko yote si bei, ni hili: "Mbona mafuta yangu yamebadilika harufu?" Huwa naomba niletewe chupa yenyewe. Naishika kwenye mwanga, naiinamisha taratibu, na mara nyingi chini kabisa nakuta kijitone kinachotembea peke yake bila kuchanganyika na mafuta. Ni maji.

Kijitone hicho ndicho kilichonifanya niandike haya, kwa sababu mengi tunayoambiana kuhusu kuhifadhi mafuta ya nazi hayakitaji kabisa.

Dhana: "Mafuta ya asili hayaharibiki, unakaa nayo hata miaka kumi."

Uvumilivu mafuta ya nazi yanao kweli. Karibu asilimia 90 ya asidi zake za mafuta ni zile zilizoshiba, ambazo oksijeni ya hewani haizishambulii kwa urahisi. Alizeti na ufuta havina bahati hiyo, ndiyo maana huchacha mapema zaidi. Mafuta ya nazi yaliyokauka vizuri na kufungwa vizuri hukaa mwaka mmoja hadi miwili bila tabu.

Neno zito hapo ni "yaliyokauka". Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, nayo imefungamana na gliserini. Maji yakiwepo, pamoja na vimeng'enya (protini zinazoharakisha uvunjaji wa vitu) vilivyotoka kwenye nazi yenyewe au kwenye kuvu, kifungo hicho hukatika na asidi hubaki huru. Hapo ndipo unapoanza kusikia harufu kama ya sabuni ya kufulia, na baadaye ukali unaochoma puani. Bakteria na kuvu nao hawawezi kuzaliana ndani ya mafuta matupu. Huishi pale chini, kwenye tone. Viwango vya Codex, yaani tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, kwa mafuta ya nazi ya kula vinataka unyevu na vitu vinavyoruka kwa joto visizidi asilimia 0.2, yaani gramu 2 kwa kila kilo moja ya mafuta. Hiyo haifiki nusu ya kijiko cha chai.

Sasa tazama maji yanavyoingia. Bibi yangu alikuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui kwa kifumbu, akalipika mpaka mafuta yakajitenga. Hakuwa na kipimo chochote ila sikio. Mafuta yenye maji hulia jikoni, yanatatarika. "Yakinyamaza yameiva," alisema, na hakuwahi kuepua kabla hayajanyamaza. Alikuwa sahihi, kwa sababu ule mlio ni maji yanayogeuka mvuke. Sisi wa leo tuna haraka ya kuwahi oda, tunaepua yangali yakilia, halafu tunamimina kwenye chupa iliyosuuzwa dakika tano zilizopita.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza dumu zima la lita 20 msimu wa masika. Niliyamimina yakiwa ya moto, nikafunga kifuniko papo hapo ili vumbi lisiingie. Mvuke ukapanda, ukagusa plastiki iliyopoa, ukarudi chini kama matone. Wiki chache baadaye nilifungua dumu, harufu ikanifukuza. Tangu siku ile nayaacha yapoe kwenye sufuria, nimeyafunika kwa kitambaa safi kikavu, kisha nachuja na kuacha mashapo yatulie kabla ya kufungasha. Chupa nazikausha siku nzima juani zikiwa zimeinamishwa, na sioni aibu kuirudisha juani chupa ambayo bado ina ukungu wa mvuke ndani.

Kwa mtumiaji, mlango wa maji ni kidole. Umetoka kuoga, mkono umelowa, unachota kwenye kopo. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mzima, halafu jiulize nani ameharibu mafuta. Tumia kijiko kikavu, au mimina kiasi chako kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba na kopo kubwa ulifunge.

Wanaonunua mbata ili wakamue wana la ziada la kuangalia. Mbata iliyokaushwa nusunusu huota ukungu, na ukungu wa aina fulani huzaa sumukuvu. Kuchuja au kuongeza manukato hakuiondoi. Mbata yenye madoa ya kijani, manjano au meusi usiinunue, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Dhana: "Yakiganda yameharibika," na ndugu yake, "Yasipoganda si halisi."

Hizi mbili hunichosha kwa sababu zinavunjia watu heshima yao. Mteja wa Lushoto ananipigia mwezi wa saba kulalamika kwamba nimemuuzia mafuta yaliyochanganywa na mshumaa. Wa Dar es Salaam analalamika mwezi wa pili kwamba ni maji maji, hayagandi, basi nimechanganya na alizeti. Wote wamenunua kutoka sufuria moja.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto takriban 24. Chini ya hapo huganda meupe, juu ya hapo ni kimiminika. Basi. Kuganda na kuyeyuka hakuyapunguzii kitu. Wala si kipimo cha uhalisi, maana mafuta ya mbegu za mawese nayo huganda karibu na joto hilohilo. Na yapo mafuta ya nazi yaliyotenganishwa kiwandani ambayo hubaki kimiminika hata kwenye friji, nayo si ya udanganyifu kama lebo imesema hivyo.

Yakiganda, weka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kifuniko kikiwa kimekazwa, na uifute vizuri kabla ya kuifungua. Usiweke chupa ya plastiki kando ya jiko.

Dhana: "Nimetia vitamini E, kwa hiyo hayahitaji kihifadhi."

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, hasa kwa sisi wajasiriamali wadogo. Vitamini E huchelewesha oksijeni isichachishe mafuta. Haiui bakteria hata mmoja, wala kuvu. Katika mafuta matupu inatosha, kwa kuwa hakuna maji ya kuwalea wadudu hao. Lakini dada anapochanganya mafuta ya nazi na maji ya waridi, au na ute wa mshubiri aliokwangua jikoni asubuhi, ameshatoka kwenye mafuta na kuingia kwenye losheni. Maji yapo, na chakula cha vijidudu kipo. Ndani ya siku chache kopo linaweza kujaa bakteria bila rangi wala harufu kukuonya, na mtu anakwenda kulipaka kwenye ngozi yenye mikwaruzo, au ya mtoto.

Losheni yenye maji inataka kihifadhi kilichoidhinishwa kwa vipodozi, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wake. Kama huna, tengeneza kidogo cha matumizi yako, weka kwenye friji, tumia ndani ya siku chache na kinachobaki mwaga. Kuuza usiuze.

Dhana: "Yakichacha yachemshe upya na karafuu, yanarudi."

Hayarudi. Ukichemsha, maji yatatoka, lakini asidi zilizokwisha kuachana na gliserini zitabaki mlemle, na joto lenyewe huongeza uharibifu. Karafuu au mchaichai hufunika harufu kwa muda tu. Viwandani hutumia magadi makali na mvuke ndani ya mitambo isiyo na hewa ili kuondoa hayo, na jikoni kwetu hatuna mitambo hiyo. Mafuta yaliyochacha yanaweza kuwasha ngozi. Mimi huyatumia kulainisha bawaba za mlango na kunolea visu. Kichwani pa mtu hayaendi tena, wala usiyamiminie mafuta mapya juu yake ukidhani utayapunguzia makali, kwani ya zamani huyavuta mapya.

Kuhusu mwanga nitasema kwa ufupi. Chupa nyeupe zilizopangwa dirishani dukani zinapendeza macho, lakini jua linaziunguza. Chagua chupa ya rangi ya kahawia au kabati lenye kiza, jaza mpaka shingoni ili hewa ibaki kidogo, na epuka vyombo vya shaba na chuma chenye kutu, kwa kuwa chembechembe zake huharakisha kuchacha. Ukichanganya nazi na mafuta mengine, mchanganyiko utadumu kwa kadiri ya yale dhaifu kuliko yote. Na mafuta ya nazi hunyonya harufu: yakikaa jirani na mafuta ya taa au vitunguu, utavisikia kwenye nywele zako. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa usiitumie kuhifadhia bila lebo, maana mtoto mwenye kiu hasomi.

Dhana: "Haya si mafuta ya taa, hayawaki."

Ukiwasha kiberiti juu ya bakuli la mafuta ya nazi, ni kweli hayatashika. Lakini wazee wa pwani waliwashia taa mafuta hayohayo, na kilichoyafanya yawake ni utambi. Kitambaa kilicholowa mafuta ni utambi uliotandazwa. Kanga uliyofunga nywele zilizopakwa, taulo la kukandia, foronya, nguo ya mgonjwa anayepakwa kutwa mara tatu: zote hushika moto upesi kuliko kitambaa kikavu, na moto wake huenea kwa kasi.

Uingereza mamlaka ya dawa ilikuwa imezoea kutahadharisha juu ya mafuta ya ngozi yenye parafini, yale ya mgando. Mwaka 2018 ikapanua onyo lake lihusu pia yasiyo na parafini, kwa sababu watu walikuwa wakiungua na kufa baada ya nguo na mashuka yaliyonyonya mafuta kugusana na sigara au moto wa wazi. Ilisema pia kwamba kufua, hata kwa maji ya moto, hupunguza mafuta kwenye kitambaa bila kuyamaliza.

Kwa hiyo mama akishapakwa mafuta, asiinamie jiko la mkaa na mtandio ukining'inia, na anayevuta sigara asivutie kitandani. Sufuria ya mafuta ikishika moto, zima gesi, ifunike kwa mfuniko, usiimwagie maji, kwani maji yatayarusha mafuta yanayowaka juu ya kila aliye karibu. Aproni yangu ya kazini nimeitundikia msumari wake nje ya chumba cha jiko, na sipiki nikiwa nimeivaa.